Umechimba chuma shambani na hukijui? Namna ya kukitambua kabla hakijaenda kwa mnunuzi wa skrepa

Mvua za kwanza zikishapiga na plau zikaingia shambani, au kipindi kile cha kuchimba mashimo ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi huku kwetu Dodoma, lazima utasikia mtu kakuta chuma. Mara kipande kizito chenye tundu katikati, mara kitu kama kengele, mara hela yenye tundu, mara dude tu ambalo hakuna anayelijua pale shambani. Kinachofuata karibu kila siku ni kilekile: dogo mwenye baiskeli na mizani anapita, kile chuma kinapimwa kilo, elfu mbili tatu zinatoka, kimeondoka na hakuna aliyejua kilikuwa nini. Mimi hilo linaniuma sana maana ardhi ya huku kwetu imepitiwa na mambo mengi, misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora, Mjerumani na reli yake, Vita ya Kwanza ya Dunia iliyofika huku 1916, mradi wa karanga wa Kongwa, kambi za wapigania uhuru, Operesheni Dodoma ya miaka ya 70 iliyohamisha watu kutoka kwenye matembe yao, na sehemu kubwa ya hayo ushahidi uliobaki kwa mtu wa kawaida ni hivyo vyuma tu.

Kwahiyo naandika namna ya kukitambua chuma hatua kwa hatua kwa vifaa ambavyo mtu wa kijijini anavyo. Huhitaji maabara, unahitaji subira, sumaku, mizani, ndoo ya maji, tochi ya simu na mzee mmoja wa kuongea nae.

Hatua ya kwanza kabisa: kabla hujagusa

Hii naiweka mwanzo na naomba uisome hata kama mengine utayaruka. Kama kitu kina umbo la yai au la nanasi, au ni mcheduara uliofungwa pande zote na mbele umechongoka, au kina mapezi nyuma kama mshale, au ni risasi ambayo kichwa bado kipo juu ya ganda lake, acha. Usikigonge na jembe, usikitikise kusikiliza kama kuna kitu ndani, usikisafishe, usikiweke juu ya pikipiki kukipeleka kituoni. Weka alama kwa mbali, fito au kitambaa, ondoa watoto na mifugo, mwambie mwenyekiti wa kijiji na piga polisi 112. Wao watawaita wanajeshi wenye utaalamu huo. Novemba 2017 kule Ngara mkoani Kagera mwanafunzi aliokota bomu la mkono akadhani ni chuma chakavu cha kuuza, akaenda nalo shule, likalipuka na watoto wakafa. Ni watoto waliokuwa wanatafuta hela ya skrepa kama watoto wetu wanavyotafuta. Sasa ukumbuke Kondoa palipiganwa vita ya mizinga, na Kongwa kuanzia 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, kwahiyo hili kwetu linawezekana kabisa. Kutu haiui baruti, kitu kinaweza kuwa kimekaa chini miaka mia na bado kikalipuka.

La pili ni mapipa na makopo yaliyofungwa, hasa ukichimba karibu na josho la zamani la ng'ombe. Dawa za josho za enzi zile zilikuwa na sumu kali, nyingine aseniki, na haziishi kwa kukaa ardhini. Usifungue, usikate na grenda, na pipa la hivyo lisije likawa la kuwekea maji.

Hatua ya pili: usikitoe shimoni haraka, soma pale kilipo

Watu wengi wanakikwanyua kile chuma, wanakipeleka nyumbani, alafu wanatuma picha kikiwa juu ya meza na kuuliza hiki ni nini. Hapo nusu ya jibu umeshaiacha shambani. Kabla hujakitoa piga picha kikiwa bado kwenye udongo, weka rula au futi kamba pembeni yake ili ukubwa uonekane, piga na picha nyingine ya mbali inayoonyesha mti au kilima ili sehemu ijulikane, na kama simu yako ina ramani hifadhi ile nukta. Angalia kina: je kipo kwenye ule udongo wa juu unaopinduliwa na plau, kama sentimita 15 hadi 25 hivi, au kipo chini kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa? Kilicho kwenye udongo wa juu kinaweza kuwa kimeburutwa na plau kutoka upande mwingine wa shamba, kilicho chini kwenye udongo mgumu kilizikwa au shimo lilichimbwa kwa ajili yake.

Halafu angalia majirani zake. Ukiona vipande vya vyungu, majivu, mifupa, mawe matatu ya jiko, udongo uliobanana wa sakafu au wa paa la tembe, hapo ni mahame, watu waliishi, na chuma chako uwezekano mkubwa ni kitu cha nyumbani au cha mifugo. Ukiona kokoto za reli, zile za kupasuliwa zenye kingo kali, tafuta jibu kwenye reli. Ukiona zege, bolti zimesimama kwenye zege, matofali ya kuchoma ya saizi moja, hapo palikuwa na mashine au karakana. Na ukiona vipande vyeusi vizito vyenye vitundu kama povu vimezagaa pamoja na vipande vya mabomba ya udongo wa kuchoma, simama hapohapo, usiendelee kuchimba, nitaeleza kwanini huko mbele.

Alafu muulize mzee. Na usiende na swali la "hiki ni nini" kwanza, maana akishakiona atabuni jibu kukufurahisha. Msalimie vizuri kwa Kigogo, mbukwenyi, kaa, uliza lile shamba kabla halijawa shamba palikuwa nini, nani aliishi, barabara ya zamani ilipita wapi, ng'ombe walinyweshwa wapi, kulikuwa na Mzungu, Muhindi mwenye duka, kulikuwa na kisima cha pampu. Ukishasikia yote hayo ndo unatoa kile chuma mfukoni.

Hatua ya tatu: kisafishe kidogo tu

Kidogo maana yake kidogo. Kijiti cha mti, brashi ya mswaki uliokwisha, kitambaa kikavu. Udongo ukiwa mgumu lowanisha na maji safi alafu kausha kivulini siku hiyohiyo. Usitumie brashi ya waya, usitumie msasa, grenda ndo usiitaje, na zile mbinu za limao, majivu na soda kwa kung'arisha hela ziache kabisa, zinakula maandishi na ndo unayoyatafuta. Chuma kilichokaa sana ardhini maandishi yake mara nyingi yapo ndani ya tabaka la kutu lenyewe, ukilibandua yameondoka nalo. Kama ni kitu cha kukunjuka kama bawaba au mkasi na kimeganda, usikilazimishe, kiloweke kwenye mafuta ya taa au dizeli siku kadhaa, na kisipofunguka kiache hivyohivyo.

Hatua ya nne: ni chuma gani hasa

Chukua sumaku. Ile ya nyuma ya spika mbovu ya redio inatosha kabisa na ina nguvu. Ikikamata kwa nguvu basi ni chuma au chuma cha pua cha kawaida. Isipokamata unaangalia rangi: ukikwangua sehemu ndogo isiyoonekana ikatoka nyekundu ni shaba, ikatoka njano ni shaba ya njano, na zote mbili nje huwa na ule ukijani. Ikiwa ya kijivu, laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama na nzito kuliko unavyotegemea, ni risasi, nawa mikono baada ya kuishika na usiiyeyushe kwenye sufuria ya nyumbani. Ikiwa nyepesi na ina unga mweupe, ni aluminiamu, na hiyo inakuambia moja kwa moja kwamba kitu hicho sio cha zamani sana, karne ya 19 huku hakukuwa na sufuria za aluminiamu.

Kama bado una wasiwasi, pima uzito wake kwa ujazo wake. Kipime gramu kwenye mizani ya dukani, alafu jaza maji ndoo mpaka mdomoni, iweke ndani ya beseni kavu, kizamishe kile kitu polepole ukiwa umekifunga uzi, maji yatakayomwagika kwenye beseni yapime kwa jagi lenye alama za mililita. Gawanya gramu kwa mililita. Mfano kitu kina gramu 1,700 na maji yaliyomwagika ni mililita 200, unapata 8.5, hiyo ni shaba ya njano. Chuma cha pua ni kama 7.8, chuma cha kumiminwa kwenye kalibu ni kama 7.2, shaba nyekundu 8.9, fedha 10.5, risasi 11.3, aluminiamu 2.7, na dhahabu 19.3, yaani huyo anayekuambia dude lako la njano ni dhahabu mpimie tu maji mbele yake. Ila ujue kutu nyingi na udongo ulioganda vinashusha namba, chuma kilicholiwa sana kinaweza kukupa 5 au 6 na bado ni chuma.

Kitu kingine cha kuangalia ni pale kilipovunjika. Chuma cha kumiminwa kinavunjika bila kupinda na ndani kinaonekana punjepunje za kijivu, mara nyingi nje kina mstari mwembamba ulioinuka pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kilichofuliwa na mhunzi kina unene usiolingana, kingo zake zina mawimbi ya nyundo, na kikiliwa na kutu kinachanika kwa nyuzinyuzi kama kuni ya mti. Kilichotoka kwenye mashine ya kiwanda kina unene mmoja mwanzo mwisho.

Hatua ya tano: kiulize kilikuwa kinafanya kazi gani

Hapa ndo penyewe, na ndo watu wanaparuka wakikimbilia kubahatisha majina. Achana na jina kwanza. Kigeuzegeuze na utafute pale kilipolika, maana kazi inakula chuma sehemu moja kuliko nyingine.

Je kilikuwa kinashikwa? Basi kuna mahali mpini uliingia, ama tundu, ama mkia uliochongoka wa kupigiliwa kwenye mti, ama soketi ya kukunjwa. Kilikuwa kinagongwa? Kichwa chake kitakuwa kimetawanyika na kujikunja pembeni, hiyo ni tindo au kabari. Kilikuwa kinazunguka? Tundu lake litakuwa duara na laini kwa ndani, au lina meno, au lina ule mfereji mdogo wa kushikia ekseli. Kilikuwa kinavutwa? Angalia kitanzi au kulabu, ndani ya kitanzi upande mmoja umekuwa mwembamba kwa kusuguliwa na mnyororo. Kilikuwa kinapita kwenye udongo? Upande wa mbele umelika, wa nyuma bado mnene, na ukiangalia vizuri utajua hata kilikuwa kinaangalia upande gani. Kilikuwa kimefungwa tu kushikilia kingine? Hapo utaona matundu ya bolti na hakuna kulika kokote.

Na viungo vyake vinasema umri. Kitu kilichoungwa kwa ribiti tupu bila welding mara nyingi ni cha zamani kuliko kilichochomelewa, nati za mraba kwa kawaida ni za zamani kuliko za pembe sita, skrubu yenye mfereji wa msalaba haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1930. Fundi gereji mwenye spana za inchi na za milimita akusaidie, bolti ikikubali inchi vizuri mashine yake ni ya Muingereza au Mmarekani, ikikubali milimita ni ya Mjerumani au ni ya miaka ya karibuni.

Tahadhari hapa: huku kwetu chuma hakitupwi. Springi ya gari inafuliwa inakuwa panga au shoka, kipande cha reli kinakuwa fuawe ya mhunzi, na usishangae kukuta ganda la risasi limegeuzwa kichupa cha ugoro. Kwahiyo kitu kinaweza kuwa na majibu mawili, kilikuwa nini kwanza na kilikuja kuwa nini, na yote mawili ni ya kweli. Ukiona matundu ambayo hayana maana yoyote kwa kazi ya sasa ya kitu, hayo ni ya maisha yake ya kwanza.

Hatua ya sita: maandishi

Zima taa usiku, washa tochi ya simu na uilaze pembeni kabisa ili mwanga uteleze juu ya chuma, herufi ambazo mchana hazionekani zitatoa kivuli. Au paka unga wa sembe au chaki alafu futa juu kwa kiganja, unga utabaki kwenye mashimo ya herufi. Kwa herufi zilizoinuka weka karatasi juu na usugue kwa penseli. Andika kila kitu hata namba ambazo hazina maana kwako, maana namba ya kipuri ya kwenye chuma cha kumiminwa ukiiandika kwenye intaneti pamoja na jina la kampuni inaweza kukuletea mashine yenyewe.

Nchi inasaidia kupata mwaka. "W. Germany" ni kati ya 1949 na 1990. "Czechoslovakia" haipiti 1992. "EAR&H" ni reli na bandari za Afrika Mashariki kuanzia 1948 hadi 1969, "TRC" ni kuanzia 1977. Jembe lenye picha ya mamba ni la Chillington ya Uingereza, na lenye UFI ni la kiwanda chetu cha Ubungo. Kipande cha reli chenyewe ubavuni kina herufi zilizoinuka, jina la kiwanda na mwaka kilipotengenezwa, na reli ya kati ilifika Dodoma 1910 kwahiyo ukikuta mwaka wa karibu na huo umekamata cha Mjerumani. Lakini vya reli uwe makini sana, mataruma ya chuma na vifungio vyake ukivikuta karibu na njia ya reli ni mali ya serikali hata kama vimefukiwa, peleka taarifa kwa mwenyekiti, ukikutwa navyo unauza ni kesi.

Vitu ambavyo hujitokeza sana kanda yetu

Nianze na Kongwa maana kule ndo kuna vyuma vingi na vikubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, walitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3 Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na Kongwa ndo ilianza. Walileta makatapila ya vita yaliyobaki Ufilipino, wakaleta matrekta yaliyotengenezwa kwa vipuri vya vifaru vya Sherman, kiwanda cha Vickers ndo kiliyatengeneza na yakaitwa Shervick, wakafunga minyororo mizito ya nanga za meli kati ya makatapila mawili kung'olea miti. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu na una mchanga mkali unaokula chuma, majembe ya kukatia mizizi yalikuwa yanaisha haraka mno, mvua nazo zikagoma, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha. Vyuma vilibaki, vingine viliuzwa, vingine vipo chini.

Sasa ukilima maeneo yale ukakuta kibao kizito cha chuma, kina ukingo mmoja ulioinuka kwa urefu wote na matundu manne ya bolti, hicho ni kibao cha cheni ya katapila. Ukikuta pete ya mnyororo kubwa isiyobebeka na mtu mmoja, ina kipande cha chuma kinachokata katikati ya pete, huo ni mnyororo wa meli, na kwa Kongwa hauna haja ya kushangaa bahari ilifikaje. Ukikuta meno marefu yaliyopinda kama pembe, yameisha ncha, ni ya mashine ya kung'olea mizizi. Sahani ya chuma iliyobonyea yenye tundu la mraba katikati ni ya haro, ila kama katikati ina matundu kadhaa ya bolti yamezunguka basi ni ya plau ya diski, hilo watu wanachanganya sana. Misumari ya reli na mataruma kati ya Msagali na Kongwa mji ni ya lile tawi la reli lililojengwa kwa ajili ya karanga na baadae likang'olewa. Mimi hivi vya Kongwa naona vingebaki kijijini kabisa, hata ukumbini mwa shule ya kata, watoto waone.

Ukiwa Kondoa jibu linabadilika. Waingereza na Makaburu wa Jenerali van Deventer waliingia Kondoa-Irangi Aprili 1916, Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakashambulia Mei, na Dodoma ilitekwa mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Kwahiyo maganda ya risasi yapo. Ganda tupu, lenye kitako kilichogongwa, linasomeka: likiwa na ukingo uliojitokeza nje kwenye kitako na urefu wa kama milimita 56 ni la bunduki ya Muingereza, likiwa halina ukingo ila lina mfereji umezunguka juu ya kitako na urefu wa milimita 57 ni la Mauser ya Mjerumani, na likiwa nene lenye mdomo wa karibu milimita 11 ni la ile Mauser ya zamani ya baruti ya moshi ambayo askari wengi wa Mjerumani walianza nayo vita. La milimita 39 tu ni la AK, hilo ni la miaka ya juzi. Vigololi vya risasi vya duara vinaweza kuwa vya gobore au vya kombora la mzinga, na ukivikuta vingi sehemu moja rudi hatua ya kwanza maana kombora lenyewe linaweza kuwa karibu.

Kwenye njia ya misafara, kuanzia Mpwapwa kukatisha Ugogo hadi Kilimatinde, unaweza kukuta masango, zile nyaya nene za shaba, zimekunjwa bangili au zipo tu vipande. Watawala wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila msafara, na hongo ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya hizo, kwahiyo kipande kidogo cha waya wa kijani kilichopinda kinaweza kuwa na umri kuliko kila kitu kwenye shamba lako na mnunuzi wa skrepa atakupa mia mbili.

Vya nyumbani na vya ng'ombe navipitia haraka. Kopo la shaba ya njano lenye matundu madogo na pampu ubavuni ni la karabai au jiko la mafuta la kupampu, kifuniko chenye waya na kikombe cha utambi ni cha taa ya chemli, sanduku zito lenye mashimo pembeni na kifuniko cha bawaba ni pasi ya mkaa. Silinda ndefu ya shaba ya njano yenye mabaki ya ngozi ndani ni ya pampu ya kisima, na hapo tafuta kisima chenyewe usije ukatumbukia. Chuma kirefu chenye herufi mwishoni ni cha kupigia ng'ombe chapa. Vikengele vidogo vya chuma vilivyokunjwa, ndani kuna kipande cha kugonga, ni njuga za kucheza ngoma.

Yale mapovu meusi niliyosema

Hayo ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki watu wakiyeyusha mawe kupata chuma, na milima ya Irangi watu waliyeyusha chuma muda mrefu kabla ya jembe la Mzungu. Mabomba ya udongo ni ya kupitishia upepo wa mivuo. Watu wanadhani ni kimondo. Kimondo hakina mapovu, na kile cha Mbozi ukikiona ni chuma kitupu kilichochanganyika na nikeli, kigumu, kina mabonyeo tu juu. Mwingine anadhani ni madini. Njia rahisi, sugua jiwe lako kwenye mgongo wa kigae usio na rangi, likiacha mstari mwekundu wa kahawia ni jiwe la chuma la kawaida, likiacha mweusi na sumaku inalivuta sana ni magnetaiti, na kama bado huamini GST wapo hapahapa Dodoma mjini, hiyo ni taasisi ya jiolojia ya serikali, wapelekee kipande.

Sarafu, na wale jamaa wa rupia

Hela yenye jina "Deutsch Ostafrika" ni ya Mjerumani. Rupia ya fedha ina upana wa milimita 30 na nusu na uzito wa gramu 11.66, zilitengenezwa kuanzia 1890, zile za mwanzo zina jina la kampuni, "Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft". Heli zilianza 1904, mia moja kwa rupia, na baadhi zina tundu katikati. Za 1916 zilizopigwa kienyeji kwa haraka Tabora wakati wa vita zina herufi T. Zenye tundu za shaba zilizoandikwa "East Africa" ni senti za Muingereza, ni nyingi sana. Zenye kichwa cha Nyerere na mwenge wa uhuru ni za 1966 kuja huku.

Sasa kuna watu watakuja na gari zuri wakikuambia rupia yako, au pasi ya mkaa, au cherehani ya bibi, ina zebaki nyekundu au ina nguvu ya kuvuta pesa, na wanataka utoe kwanza hela ya kuipima au ya mganga. Hakuna kitu kama hicho. Hakuna chuma chenye nguvu hizo na hakuna anayelipa mamilioni kwa pasi. Rupia ina bei yake kwa wakusanyaji wa sarafu, ya kawaida tu, na inategemea mwaka na hali yake. Yeyote anayetaka hela yako kabla ya kununua mali yako mfukuze, na mwambie na jirani.

Ukishakijua, au ukishindwa kabisa

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na aliyekipata anatakiwa atoe taarifa. Kuchimba kwa makusudi kutafuta vitu vya kale bila leseni hairuhusiwi, kwahiyo ukikuta mavi ya chuma na mabomba yake, au jembe la kufuliwa lipo pamoja na vyungu au mifupa ya mtu, fukia kidogo kuzuia mvua na umwambie afisa utamaduni wa halmashauri au Mambo ya Kale wenyewe, kwa upande wa Kondoa wana kituo Kolo kwenye michoro ya miambani. Kulima shamba lako endelea, ila ile sehemu iache mpaka waje. Na hao wanaokuja na detekta usiku kutafuta mali za Mjerumani msiwape mashamba, wanachimba mashimo, wanavuruga kila kitu, na shimo linabaki la ng'ombe wako kuvunjikia mguu.

Vya kawaida, vya plau na katapila na pampu, ni vyako. Kikaushe vizuri, kipake mafuta mepesi au nta, kiweke mahali pakavu nje ya chumvi ya jikoni, na ufunge kipande cha kadi kwa uzi: kimetoka shamba la nani, upande gani, kina gani, tarehe gani, kilikuwa na nini pembeni, mzee alisema nini. Ukimtumia mtu picha umuulize, tuma ya mbele, ya nyuma, ya ubavu, ya maandishi kwa mwanga wa pembeni, zote zikiwa na rula, pamoja na uzito na kama sumaku inakishika, na ile ya kwanza kabisa kikiwa bado kwenye udongo.